Tupeane uzoefu: Kamera ya kwanza ya video kwa mwenye pesa ya mawazo, sisi wa Kigoma na Tabora

Mtoto wa Bangwe:
Wakuu, heshima kwenu. Jana pale Mwanga sokoni nilimkuta kijana akivutana bei na muuzaji wa vifaa vilivyotumika. Alikuwa ameshika kamera ya video, na swali lake lilikuwa moja tu: zumu yake inafika ngapi? Muuzaji akamsomea kwa majivuno ile namba kubwa iliyoandikwa ubavuni, nami nikatambua kuwa ni zumu ya kidijitali, ambayo kazi yake ni kukata kipande cha katikati ya picha na kukitanua mpaka sura ya mtu ibaki madoadoa. Zumu ya kulipia hela ni ile ya lenzi yenyewe, na mara nyingi namba yake ndiyo huandikwa kwa herufi ndogo. Basi tuliokwisha kununua kamera ya kwanza kwa kujibana, iwe ya harusi, ya ubatizo, ya maulidi au ya kumbukumbu za nyumbani, tuelezane yaliyotukuta.

Mzee wa Reli:
Mimi nilianza na kamera ya kaseti ndogo za MiniDV, aina iliyoingia sokoni mwaka 1995, na mpaka leo namshauri mwenye hela kidogo asiidharau. Picha zake huhifadhiwa bila kubanwa sana, kiasi kwamba kaseti ya dakika 60 ukiihamishia kwenye kompyuta inakula takriban GB 13, na kwa hiyo kompyuta ya kawaida inaihariri bila kuhema. Uzuri mwingine ni kwamba kaseti yenyewe unaiweka kabatini, hivyo hata kompyuta ikiharibika mkanda wa mteja upo. Harusi nilizorekodi hapa mjini na kule Kasulu bado ninazo.

Dada wa Katubuka:
Namuunga mkono mzee. Mkanda wa harusi ya dada yangu ulirekodiwa hivyo hivyo, na unaonekana vizuri hadi leo.

Mnyamwezi wa Gongoni:
Shikamoo mzee wangu, lakini hapa Tabora ushauri huo umewatia watu hasara. Kamera ya kaseti inahitaji kompyuta yenye tundu la FireWire, yaani la waya wa kuhamishia video kutoka kwenye kamera, na kompyuta mpakato zinazouzwa siku hizi hazina tundu hilo. Kaseti ya saa moja unaihamisha kwa saa moja kamili huku umekaa unaitazama, vichwa vya kusomea mkanda havipendi vumbi, na vumbi la Tabora wakati wa kiangazi mnalijua. Tena kaseti mpya utazipata wapi? Kijana ananunua kamera kwa bei ya kutupa, halafu anahangaika kutafuta kaseti kama mtu anayetafuta mafuta ya taa usiku.

Mzee wa Reli:
Marahaba, mwanangu. Kaseti zipo kwa anayejua pa kuziuliza. Vijana wa siku hizi mnaogopa kazi, ndiyo maana mnataka kila kitu kiwe cha kubonyeza mara moja.

Mnyamwezi wa Gongoni:
Mzee, si kuogopa kazi. Mteja anataka mkanda wake kabla bibi harusi hajamaliza fungate.

Mpiga Video wa Ujiji:
Naomba niingilie kati, kwa sababu mzee amegusa jambo la mkanda kubaki kabatini, nami yaliyonikuta yalianzia hapo hapo. Kamera yangu ya kwanza ilikuwa ya kadi. Kwa kuwa bajeti ilikuwa imebana, kadi niliinunua katika duka moja la hapa mjini, mpya, ndani ya pakiti yake, imeandikwa GB 64 kwa maandishi mazuri kabisa. Nilipoitia kwenye kamera, nayo ikasoma GB 64 na kuniandikia saa nyingi za kurekodi. Siku hiyo ilikuwa ndoa ya Ujiji, na jambo lililowafurahisha watu kuliko ndoa yenyewe ni kwamba babu yake bwana harusi alikuwa amevuka ziwa kutoka Kalemie, ng'ambo ya Kongo, baada ya miaka mingi ya kutoonana na ndugu zake. Nikarekodi akidi, nikarekodi chakula, nikarekodi babu alipoomba kusimama na kuwataja mmoja mmoja ndugu waliobaki upande wa pili, huku wazee wa Ujiji wakimdakiza majina aliyoyasahau na akina mama wakilia. Kamera haikuonyesha kasoro yoyote. Taa nyekundu iliwaka na dakika zilihesabiwa mpaka mwisho wa shughuli. Usiku nilipofungua kadi kwenye kompyuta, mafaili yote yalikuwepo kwa majina, lakini yaliyofungua yalikuwa ya akidi tu. Kuanzia chakula na kuendelea, ukibonyeza faili unaona weusi, na muda wake umeandikwa sifuri. Fundi mmoja alipoipima akaniambia kuwa kadi ile kwa hakika ilikuwa na GB 8, kiasi cha saa moja tu kwa ubora niliokuwa nimeuweka. Walioitengeneza walikuwa wameifundisha kudanganya ukubwa wake, kwa hiyo ilipojaa iliendelea kupokea na kutupa. Asubuhi yake ilinibidi nikae mbele ya mjomba wa bwana harusi na mwenyekiti wa kamati.

Kasulu Juu:
Ee Mola! Mjomba alisemaje?

Dada wa Katubuka:
Na yule babu alikuwa bado yupo Kigoma au alisharudi Kalemie?

Bodaboda Msomi:
Mimi ningesema vibaka wamenipora njiani, nikachana na shati.

Mpiga Video wa Ujiji:
Babu alikuwa ameondoka alfajiri na boti. Mjomba alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza kama sauti nayo imepotea, kwa sababu sauti ndiyo aliyokuwa anaitaka zaidi kwa ajili ya yale majina. Nilirudisha hela yote. Nikazunguka kwa wageni nikikusanya vipande vya simu, na binti mmoja alikuwa amerekodi sehemu ya maneno ya babu, picha inacheza lakini majina yanasikika. Ndiyo waliyobaki nayo.

Mzee wa Reli:
Sasa mnaona. Kaseti haidanganyi urefu wake.

Mnyamwezi wa Gongoni:
Kaseti nayo humezwa na mashine, mzee, tumeyaona. Dawa ni kuipima kadi kabla ya kazi. Ipo programu ya bure iitwayo H2testw, ambayo huijaza kadi yote na kuisoma upya, halafu inakuambia ukubwa wake wa kweli. Inachukua muda, lakini unaiacha ikifanya kazi ukiwa umelala.

Kasulu Juu:
Mimi nanunua kadi ndogo ndogo nyingi, nabadilisha baada ya kila tukio. Ikifa moja, imekufa na chakula, akidi imesalimika.

Bodaboda Msomi:
Kadi nyingi ndiyo njia ya kuzipoteza mfukoni. Nunua moja kubwa ya kampuni inayojulikana, uipime, uitunze.

Fundi wa Mlole:
Wakuu, kabla hatujazama zaidi kwenye kadi, waambieni vijana kuhusu NTSC, mfumo wa video wa Japani na Marekani. Kamera nyingi zilizotumika zinatoka Japani au Marekani, ambako hurekodi picha takriban 30 kwa sekunde, wakati sisi tuko kwenye mfumo wa PAL, yaani picha 25, na umeme wetu ni wa hezi 50. Ukiingia nayo kwenye ukumbi wenye taa za tyubu, picha inapepesa na mistari ya giza inapita usoni mwa maharusi usiku kucha. Kwa Canon ni rahisi kutambua: aina hiyo hiyo ya kamera ikiuzwa Marekani huitwa Vixia, na ikiuzwa Ulaya huitwa Legria. Chukua Legria. Za Sony zilizotengenezwa kwa soko la Japani zinaweza kukupa menyu ya Kijapani peke yake, nami nimeletewa zaidi ya moja na wateja waliotaka niibadilishe lugha ambayo haibadiliki.

Kasulu Juu:
Ninayo ya NTSC na inafanya kazi vizuri. Kasi ya shata, yaani muda ambao kila picha inapokea mwanga, naiweka 1/100 ya sekunde na mistari inakwisha.

Fundi wa Mlole:
Ni kweli, ikiwa kamera inakuruhusu kuweka kasi hiyo kwa mkono. Nyingi za bei ya chini hazikuruhusu. Kwa mwenye bajeti ndogo, Sony HDR-CX405 ina zumu ya lenzi ya mara 30 na betri yake inachajiwa kwa waya wa USB, kwa hiyo hata pawabenki inatosha ukiwa kijijini kusiko na umeme. Panasonic HC-V180 inafika mara 50. Lakini zote mbili hazina tundu la kawaida la kuchomekea maiki, wakati Canon Legria HF R806 inalo, pamoja na la hedifoni, na zumu yake ni mara 32. Ningekuwa mimi, ningepoteza zumu nipate maiki. Ukumbini usiku zumu ndefu haikusaidii, kwa kuwa kadiri unavyovuta, ndivyo lenzi hizi zinavyoingiza mwanga kidogo, heri usogee.

Dada wa Katubuka:
Na ufukweni Kibirizi je, upepo ukivuma, maiki ya nje inasaidia?

Fundi wa Mlole:
Ikivishwa sponji au manyoya, ndiyo. Bila hivyo utarekodi upepo kwa ubora zaidi.

Bodaboda Msomi:
Mnasahau stendi. Nimeona mikanda ya harusi ambayo ukiitazama unajisikia umepanda boti ya Kalemie. Nunueni stendi kwanza, kamera itafuata.

Mtoto wa Bangwe:
Yule kijana wa sokoni nimempata. Kamera hajainunua bado, ila muuzaji amemwongezea kadi ya GB 128 bure kama zawadi ya kumshawishi.

Mpiga Video wa Ujiji:
Mwambie aje nayo nyumbani kwangu leo, tuipime.