Damu ya kutengenezwa maabara imefikia wapi jamani? Mwanangu ana siko seli

Mama Nasri
Habari zenu wakuu. Nina mtoto wa miaka 9 ana siko seli, hapa mtaani kwetu Mbagala madereva bajaji wote wanamjua maana nawaamsha usiku kumkimbiza hospitali. Ameshaongezewa damu mara sita. Mwezi uliopita alipauka mpaka viganja na kope kwa ndani vikawa vyeupe, tunafika naambiwa damu ya kumfaa haipo, ita ndugu waje kuchangia, na hapo ni saa nane usiku, ndugu gani atapokea simu? Tumekuja kuipata kesho yake saa nne asubuhi, mtoto anahema kama aliyekimbia. Tangu siku hiyo usingizi sina, nasoma tu kwenye simu, nikakuta Uingereza wametengeneza damu maabara na wameshawawekea watu. Ni kweli? Mwanangu ataiwahi?

Mtu wa Maabara
Pole sana dada. Ni kweli, hii kitu naifuatilia kwa karibu. Novemba 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, na wenzao walitangaza wameshawawekea watu wawili wa kujitolea. Ila kiasi chenyewe ni mililita 5 mpaka 10, kijiko cha chai kimoja au viwili, walitaka kuona chembe nyekundu za damu zitadumu muda gani mwilini. Wanachukua damu ya mchangiaji wa kawaida, wanatoa seli shina, yaani zile seli mama zinazozaa chembe za damu, wanazilea kwenye virutubisho kama wiki tatu zinageuka chembe nyekundu. Seli shina laki 5 zinatoa chembe bilioni 50, wakichuja zinabaki kama bilioni 15 za kufaa. Unaona nyingi eeh, sasa chupa moja anayowekewa Nasri ina chembe kama trilioni 2, yaani kazi yote ile haijafika hata asilimia 1 ya chupa.

Ila kuna kitu kinanipa moyo sana. Chembe nyekundu inaishi siku 120 hivi, na damu tunayochanga imechanganyika, zipo changa na zipo ambazo zimebakiza siku chache. Za maabara zote ni mpya. Zikidumu zaidi mtoto ataongezewa mara chache na madini ya chuma yanayokuja na kila chupa ya damu hayatamjaa mwilini. Na wamesema wanawalenga kwanza wenye magrupu adimu na wagonjwa kama mwanao.

Baba Kelvin wa Tabata
Wajapani nao wapo, kule mji wa Nara wanachukua himoglobini, ile inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu, kwenye damu iliyopita muda wake wanaifunga kwenye vifuko vidogo sana vya mafuta, haina habari ya grupu na haihitaji friji. Hiyo kwa ajali za bodaboda ingeokoa wengi. Ila mama tusikudanganye, hii ni ya kumshikilia mtu anayevuja damu wakati anasubiri damu yenyewe, siyo ya siko seli. Na ile ya Bristol bado inaanzia kwenye mkono wa mtu aliyechangia.

Mtu wa Maabara
Umesema kweli mkuu. Dada, kikubwa kwa sasa muulize daktari kuhusu dawa ya haidroksiyurea kama mtoto bado hajaanzishiwa, inawapunguzia wengi maumivu na kuongezewa damu. Halafu omba mtoto apimwe antibodi, yaani kinga ambazo mwili unatengeneza kupambana na kitu kigeni. Mtu akiongezewa mara nyingi mwili unaweza kuanza kukataa damu za wengine hata kama grupu ni lile lile, na nahisi ndo maana wakakwambia "ya kumfaa haipo". Majibu yaandikwe kwenye kadi yake, uwe unatembea nayo.

Mama Nasri
Mungu awabariki. Hiyo ya antibodi hakuna aliyewahi kuniambia, Jumatatu tuna kliniki nitauliza. Kaka zangu wawili Jumamosi wanaenda kuchangia kituo cha damu salama Mchikichini, baba Nasri bado hajafikisha miezi mitatu toka achangie. Nasri kaniuliza hiyo damu ya maabara ina rangi gani, nimemwambia nyekundu kama yako.