Tupeane uzoefu: dawa za moyo ulizoanzishiwa, na mwili ulivyozipokea

Binti wa Segerea (mleta mada)

Habari zenu wanajamvi, na shikamooni wakubwa. Naleta mada hii kwa sababu ya miezi mitano tuliyopitia nyumbani kwetu, na najua humu wapo waliopita njia hiyo hiyo.

Baba yangu ana miaka 64. Mwezi wa tisa alianza kuhema akipanda ngazi tatu tu za baraza, usiku analala ameegemea mito. Akalazwa, akapimwa eko (kipimo cha kuutazama moyo kwa mawimbi ya sauti), tukaambiwa moyo umetanuka na nguvu ya kusukuma damu imepungua. Siku ya kuruhusiwa tulipewa dawa aina nne: enalapril, carvedilol, spironolactone na furosemide, ile ambayo wengi tunaiita Lasix. (Majina nayaandika kama yalivyo kwenye pakiti, ili mwenye dawa mkononi alinganishe herufi kwa herufi.) Juu ya kila bahasha waliandika 1x2 au 1x1, basi. Foleni nyuma yetu ilikuwa ndefu, dada wa dirishani alikuwa amechoka, na sisi tulikuwa na furaha ya kumrudisha mzee nyumbani. Hatukuuliza kitu.

Wiki ya tatu kikaanza kikohozi. Kikavu, hakina makohozi, kinawasha kooni kama kuna unyoya umekwama, na usiku ndiyo kinashika hasa. Jirani akasema hiyo ni TB. Duka la dawa la mtaani tukapewa dawa ya maji ya kifua, halafu antibiotiki ya siku tano, halafu nyingine. Tukapima makohozi kwa tabu, maana mzee hakuwa nayo, hawakuona kitu. Tukapiga picha ya kifua. Mwisho mzee akachoka, akaacha dawa zote kimyakimya, za kikohozi na za moyo pamoja. Niligundua siku ya tisa, miguu ilipojaa mpaka ndala hazimwingii.

Tuliporudi hospitali tukampata daktari kijana. Alimsikiliza kifua kwa muda mrefu, akaitazama ile picha kuhakikisha kikohozi hakitokani na maji kwenye mapafu, kisha akauliza swali moja: kilianza kabla ya dawa au baada? Nikahesabu kwa vidole. Baada. Akasema enalapril na ndugu zake wote wenye majina yanayoishia na "pril", yaani captopril, lisinopril na wengine, wana tabia hiyo kwa baadhi ya watu. Kuna kemikali ya mwili iitwayo bradikinini. Dawa hizi huzuia isivunjwe, inalundikana na kuichokoza njia ya hewa. Akambadilishia losartan. Kikohozi hakikukatika siku hiyo. Kilipungua polepole, wiki ya tatu kikaisha.

Kinachoniuma ni kwamba tulitibu ugonjwa ambao haukuwepo, mpaka tukaacha kutibu uliopo. Naomba kila mwenye uzoefu aeleze: ulianzishiwa dawa gani ya moyo, mwili ulifanyaje, na ulijuaje kuwa ni dawa na si ugonjwa mwingine? Hata la aibu semeni, humu hatujuani sura. Baba mwenyewe nahisi kuna kitu hasemi. Mtu aliyekuwa akikaa kifua wazi barazani jioni zote za joto, siku hizi fulana haivui hata kwa Februari hii ya Dar.

Fundi wa Buguruni

Pole sana dada, na mzee mpe pole yake. Mimi nitasema ya carvedilol.

Nilianzishiwa ile ndogo kabisa, ya miligramu 3.125, asubuhi na jioni. Siku za mwanzo nilihisi kama nimebebeshwa gunia la mchanga. Nikiinuka kwenye cherehani macho yanaingia giza, nashika meza. Nikajiambia moyo ndiyo unazima huu. Nilipokwenda kliniki nilikuwa nimeshaamua kuacha.

Nesi wa kliniki ndiye aliyenirudisha. Akaniuliza nameza nikiwa nimekula au tumbo tupu. Tumbo tupu, kwa sababu nadamka mapema. Akasema carvedilol imezwe na chakula, inaingia mwilini polepole, presha haishuki kwa kishindo. Kuinuka nako kuna utaratibu: kaa kwanza, tingisha miguu, ndipo usimame. Halafu akanieleza jambo ambalo ningependa ningeambiwa siku ya kwanza: dawa hii inapunguza kasi ya moyo ili upumzike, kwa hiyo mtu anaweza kujisikia hovyo wiki chache kabla ya kujisikia vizuri. Ndiyo maana dozi hupandishwa kidogokidogo, wiki mbili mbili. Na hii ndiyo dawa ambayo hairuhusiwi kukatwa ghafla, moyo unaweza kurudi kudunda kwa fujo. Mleta mada, siku zile tisa Mungu aliwasimamia.

Sasa natumia 12.5 mara mbili. Mapigo yangu 62. Uchovu ulianza kuondoka mwezi wa pili. Mikono bado inakuwa ya baridi asubuhi, nimeizoea.

Mama Wawili, Mbagala

Mimi ni Lasix. Nilikuwa nameza saa kumi na mbili asubuhi kabla ya kutoka, halafu napanda daladala kwenda Posta. Wanaoijua Barabara ya Kilwa asubuhi wananielewa. Ndani ya saa moja mkojo unakuja kama umefunguliwa bomba, na gari limesimama. Niliwahi kushuka Mtoni nikaomba choo kwenye nyumba ya watu nisiowajua, nalia. Baada ya hapo nikawa siku za kazi simezi, nameza Jumamosi na Jumapili tu. Matokeo yake kila Ijumaa jioni viatu havivuki kisigino.

Nilikaa nalo miezi miwili kwa kuona haya kumwambia daktari mwanamume. Siku nilipomwambia alijibu kwa sentensi moja: meza ukishafika kazini, karibu na choo, ila isiwe jioni maana hutalala. Miezi miwili ya mateso, jibu sentensi moja.

Kuna la pili. Misuli ya vigimbi vya miguu ikaanza kukakamaa usiku, nikidhani ni kusimama sana. Kumbe mkojo ule unaondoka na potasiamu. Ilipopimwa ilikuwa chini, wakanirekebishia. Kwa hiyo ukianzishiwa hii, uliza kipimo cha damu cha figo na chumvi kitarudiwa lini.

Mzee wa Kigamboni

Na mimi potasiamu, lakini upande wa pili kabisa. Msichukue ushauri wa Mama Wawili mkaanza kula ndizi bila kujua mko kundi gani.

Natumia losartan na spironolactone. Zote mbili zinabakiza potasiamu mwilini. Mimi ni mtu wa madafu, nyumbani minazi ipo, na mtu akishaambiwa ana moyo kila ndugu anamwambia kunywa madafu yanasafisha. Nikawa nakunywa matatu, manne kwa siku. Mwili ukalegea, miguu haina nguvu, nikadhani ni uzee. Kipimo cha kawaida cha kliniki kikatoa potasiamu 6.1. Daktari alibadilika uso. Nililazwa siku hiyo hiyo, wakanifungia mashine ya kufuatilia mapigo, kwa sababu potasiamu ikizidi moyo unaweza kusimama bila kukuaga. Maji ya dafu yamejaa potasiamu. Sikuwa najua, na aliyeniandikia dawa hakuniuliza ninakunywa nini. Ile chumvi mbadala inayouzwa supamaketi kwa wagonjwa wa presha nayo nyingi ni potasiamu, wenye dawa kama zangu tahadharini.

Mleta mada umesema hata la aibu tuseme. Nasema. Kwenye mwezi wa tatu wa spironolactone matiti yangu yaliuma na kuvimba. Mtu wa miaka 67. Nilificha miezi minne, nikibadilisha nguo gizani, nikiamini ni saratani. Mke wangu ndiye aliyeniona. Daktari hakushangaa hata kidogo, akasema dawa hii inagusa homoni na kwa baadhi ya wanaume huleta hilo. Alinipima kwanza kujiridhisha kuwa si kitu kingine, kisha akanihamishia eplerenone. Ni ghali zaidi, na mara nyingine naizungukia mpaka Kariakoo kuipata. Maumivu yameondoka.

Dada Neema ya Mola

Nilibadilishiwa valvu ya moyo, ya chuma, kwa hiyo warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ni rafiki yangu wa maisha. INR yangu, yaani kipimo cha damu inavyochelewa kuganda, inatakiwa iwe kati ya 2.5 na 3.5. Mwaka jana tumbo lilinisumbua, duka la mtaani wakanipa metronidazole, zile za amiba kila mtu anazijua. Sikusema natumia warfarini, muuzaji hakuuliza. Siku ya tano napiga mswaki damu haikauki, mkojo mwekundu. INR ikakutwa imepita 6. Metronidazole inazuia ini lisiivunje warfarini, inajazana mwilini.

Na jamani suala la mboga. Niliambiwa na watu nisiguse mchicha, matembele wala kisamvu tena. Mwaka mzima nikala wali na maharage. Kliniki wakanisahihisha: kula, ila kiasi kile kile kila wiki, dozi ipangwe kulingana na ulaji wako. Ubaya ni wiki hii hamna, wiki ijayo sahani mbili kwa siku.

Kina dada wenye valvu mnaotaka mtoto: ongeeni na daktari KABLA ya mimba. Warfarini inaweza kumdhuru mtoto, na kuikata mwenyewe kunaweza kugandisha damu kwenye valvu. Sitaeleza zaidi, moyo wangu haujatulia kwenye hilo.

Kaka wa Ubungo

Kwa ufupi. Kaka yangu alipewa dapagliflozin. Nikasoma kikaratasi, kimeandikwa ya kisukari. Yeye hana kisukari. Nikasema wamekosea mgonjwa, tukaiweka kabatini wiki sita. Hawakukosea. Dawa hiyo ilianzia kwenye sukari, lakini tangu 2020 imekubalika pia kwa moyo ulioshindwa kusukuma, hata kwa asiye na sukari. Ukiitumia sukari inatokea kwenye mkojo, kwa hiyo fangasi sehemu za siri wanaweza kuja, usafi uzingatiwe. Na ukiumwa, unatapika au huli, piga simu uulize kama uisimamishe kwa muda.

Mama Tumaini

Naomba msaada. Mama yangu amepewa amlodipine 10 ya presha, vifundo vya miguu vimevimba vyote viwili. Jirani amempa Lasix zake. Azimeze?

Mfamasia wa Sinza

Mama Tumaini, dawa ya jirani irudishe kwa jirani. Amlodipine hutanua mishipa midogo na maji yanachuja kwenda kwenye vifundo, zaidi kwa dozi ya 10 kuliko 5. Mwili mzima haujajaa maji, ndiyo maana Lasix haisaidii sana hapo. Lakini miguu kuvimba inaweza pia kuwa moyo au figo, kwa hiyo aonwe. Mara nyingi daktari hupunguza dozi au huongeza dawa ya kundi jingine, na uvimbe unashuka.

Wengine wote, nimesoma kila kisa na vingi nimeviona kaunta. Niongeze machache. Kikohozi cha "pril" kinaweza kusubiri kliniki. Midomo, ulimi au uso kuvimba hakusubiri, hata kama dawa umeitumia miezi bila shida: nenda hospitali saa hiyo hiyo, na usiimeze tena maisha yako. Sisi watu wa asili ya Afrika tunapata hilo zaidi ya wengine.

Mgongo ukiuma usikimbilie diclofenac wala ibuprofen. Zinabakiza chumvi na maji, zinaubana mzunguko wa damu kwenye figo, na zinavuruga kazi ya dawa zenu karibu zote. Mgonjwa wa moyo aliyekuwa anaendelea vizuri anaweza kurudi wodini kwa sababu ya mgongo. Na kina baba wenye kidonge cha kuweka chini ya ulimi kifua kikibana: sildenafil, ile ya nguvu za kiume, na hicho kidonge havikai mwili mmoja, presha inaporomoka. Nyingi za "dawa za asili za nguvu" hujui kilichomo. Nifuateni pembeni mniulize, sicheki mtu.

Madhara ya dawa pia yanaripotiwa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na mgonjwa mwenyewe anaruhusiwa kuripoti.

Abuu wa Ilala

Ramadhani hiyo inakuja. Wenye Lasix tunafanyaje?

Mfamasia wa Sinza

Abuu, muone daktari wako sasa, mwezi haujaandama. Vidonge vingi vinahamishika kwenda futari na daku, lakini Lasix na kiu ya mchana kwenye joto hili ni jambo la kupimwa mtu kwa mtu. Wapo ambao daktari atawaambia wasifunge, na dini imewapa ruhusa.

Binti wa Segerea (mleta mada)

Nawashukuru wote, Mungu awape afya. Nimenunua daftari la kurasa themanini. Upande wa kushoto naandika dawa, dozi na tarehe ya kuanza. Wa kulia kila jipya linalotokea mwilini na tarehe yake. Baba mwenyewe ndiye anayeandika mwandiko wake.

Jana usiku nilimpa simu asome haya yote. Alisoma taratibu kwa miwani yake, akafika kwa Mzee wa Kigamboni akasimama hapo muda mrefu. Akanirudishia simu, akaniomba daftari. Akaandika mstari mmoja upande wa kulia, akalifunga, akasema, "Alhamisi kliniki nitaingia na daktari peke yangu, mwanangu. Wewe nisubiri kwenye benchi." Mzee wa Kigamboni, shikamoo. Asante.