Matangazo ya kozi ya mtandaoni wanafunzi hawasomi, wenzangu mnafanyaje?

TichaNewala
Habarini wakuu. Nafundisha kozi fupi ya utunzaji wa hesabu kwa njia ya mtandao, wanafunzi wangu wengi ni makatibu na wahasibu wa AMCOS, yaani vyama vya msingi vya ushirika vya wakulima, za huku Newala na Tandahimba, wachache wa Ruangwa na Liwale, watu wazima wenye familia na mashamba yao. Kozi ipo kwenye Moodle, ule mfumo wa darasa la mtandaoni. Kila wiki naweka tangazo nimelipanga vizuri kabisa, mada ya wiki, kurasa za kusoma, mwisho wa kutuma zoezi, adhabu ya kuchelewa, kila kitu. Nikicheki ripoti waliofungua wa kuhesabu kwa vidole, afu jioni simu inajaa meseji "ticha zoezi mwisho lini?" wakati ipo pale pale. Nikiwauliza kwenye grupu la WhatsApp wanajibu "tupo ticha" basi, kimya. Mi nataka tangazo liwafanye watu waingie darasani, sio kupeana taarifa tu. Na tafadhali msiniambie niwakate maksi, nishalifikiria naona nitawakimbiza kabisa.

BintiMikindani
Pole ticha. Kabla hujalaumu uandishi wako angalia kwanza tangazo linaenda wapi. Lile jukwaa la Matangazo la Moodle linamuunganisha kila aliyejisajili kwenye kozi, ukipost nakala inaenda kwenye imeili yake, kwa kawaida baada ya kama dakika 30 hivi ili upate nafasi ya kurekebisha ukikosea. Sasa jiulize imeili ya katibu wa AMCOS ilifunguliwa na nani? Na kijana wa steshenari siku ya kujaza fomu, paswedi kaondoka nayo kijana wa steshenari 😂. Yaani unawaandikia watu kwenye nyumba wasiyoishi. Waelekeze waweke app ya Moodle kwenye simu waruhusu notifikesheni, kama chuo chenu kimeiwezesha. Na kwenye grupu usikopi tangazo zima, weka mstari mmoja na linki. Ukikopi lote unawafundisha kwamba Moodle haina haja.

Kingine, pale kwenye Matangazo mwanafunzi hawezi kukujibu, limetengenezwa hivyo, ni mwalimu tu anaongea. Kwa hiyo ukiuliza swali humo hakikisha umeweka linki ya jukwaa la majadiliano chini yake, la sivyo mtu anataka kujibu anakosa pa kujibia anaondoka zake.

MzeeWaLukuledi
Binti kasema vizuri ila mi naona tatizo liko pia kwenye tangazo lenyewe. Mwanangu, tangazo ulilolieleza hapo ni tangazo la mkutano wa kijiji. Kurasa, tarehe, adhabu. Nani anafungua bando lake kwenda kusoma adhabu?

Nimefundisha watu wazima miaka mingi, wale hawaingii kwa kuitwa, wanaingia kukiwa na ubishi unaowahusu. Ningekuwa mimi ningeandika hivi:

"Jamani, chama kimepokea kilo 5,000 za korosho toka kwa wakulima, ghala kuu wakapima wakapata 4,960. Hizo 40 unaziandika wapi na mkulima unamwambia nini? Wiki iliyopita wengi wenu mliweka kwenye matumizi, mmoja kaweka sehemu tofauti kabisa na ana hoja. Ingia hapa umjibu. Zoezi ni Ijumaa saa 2 usiku."

Basi. Linasomeka kwenye kioo cha simu bila kusukuma kidole. Katibu gani wa ushirika ataliona hilo aache, wakati kila msimu anagombezwa kwa ajili ya hizo kilo? Na umeona nimetaja kazi yao ya wiki iliyopita, hapo wanajua ticha unasoma wanachotuma. Mtu akijua anasomwa anaandika. Ila majina ya ambao hawajatuma usiyaweke hadharani hata siku moja, mtu mzima ukimwaibisha mbele ya wenzake umempoteza, wale watumie ujumbe wa peke yao.

Mchauru_1
Mnaongea kama tatizo ni maneno tu. Oktoba korosho zikianza kuingia maghalani hao makatibu hawalali, mchana mizani usiku daftari, unaweza ukaandika tangazo la dhahabu na asiingie mtu. Punguza kazi kipindi hicho au panga kozi ianze msimu ukiisha. Mi siamini sana haya mambo ya kuhamasisha.

BintiMikindani
@Mchauru_1 hilo la msimu kweli, sibishi. Ila ticha hajasema ni Oktoba tu, anasema kila wiki. Labda aandike siku moja isiyobadilika, mi naweka Jumapili jioni, watu wametulia, wameshazoea kuchungulia wenyewe. Na moja tu kwa wiki, ukipost kila siku wanakuzima sauti.

TichaNewala
Shikamoo Mzee wa Lukuledi, la kilo 40 nalichukua kama lilivyo 🙏 manake wiki ijayo ndo tunaingia kwenye leja ya mazao. Swali moja la mwisho, mnaonaje nikirekodi sauti badala ya kuandika? Wengine naona kusoma ni mzigo.

MzeeWaLukuledi
Marahaba. Rekodi, ila isizidi dakika moja, na maandishi yawepo chini yake. Yule wa Liwale akiwa shamba mtandao unasuasua, maandishi yanamfika kabla sauti haijafunguka. Video achana nayo, bando la mtu hilo.

Mchauru_1
Na tarehe ya zoezi usiitaje kwenye sauti pekee, watakupigia simu wote kuuliza umesema lini.

TichaNewala
😂😂 hilo nalijua tayari kaka. Jumapili naliweka la kilo 40, nitaleta mrejesho.