Nanga haishushwi ubavuni!! Mtu mzima anatuzamisha asubuhi asubuhi

Wakuu, chumvi bado haijanikauka mwilini. Simtaji, mnamjua wote. Tunavua na kayaki, vile vimtumbwi vyembamba vya kupiga kafi, yeye kashusha nanga UBAVUNI. Maji yanakupwa kwa kasi ya kung'oa mwamba, yeye kafunga kamba kwenye mshikio wa katikati, ule wa kubebea kayaki, kisha katulia kama yuko barazani.

Mkondo unapiga ubavu mzima, kamba inavuta ukingo huohuo chini, maji yanaingia, imepinduka. Ndiyo maana nanga hukaa tezi (nyuma) au omo (mbele)! Kazi yenyewe rahisi: kapi moja (kigurudumu cha kupitishia kamba) omo, moja tezi, kamba nyembamba ya kuzunguka kapi zote mbili, mita 8 hivi kwa kayaki ya mita 4, na pete katikati. Unafunga nanga kwenye pete ukiwa umekaa, unaivuta pete mpaka tezi. Basi.

Kaambiwa asogeze kamba, kajibu "mimi si mtoto." Hapohapo ukingo ukazama, akadaka kayaki ya jirani, wakaenda wote! Ubavuni, wakuu! Fimbo mbili, koleo na boksi zima la ndoana ni mali ya pweza sasa.

ChubwiNzito: Pole mkuu. Na kamba lazima ilikuwa fupi. Kina cha mita 10, toa kamba mita 30 kwa uchache, bahari ikichafuka hata 50. Ikisimama wima nanga haing'ati, na kila wimbi linakuvuta chini. Mwisho wa kamba uwe na boya, ukibanwa unaachia tu, unarudi kuichukua maji yakitulia.

KafiMoja: Povu lote hili, lakini huyo jirani alifuata nini mpaka akafikiwa kwa mkono? Na fimbo hazikufungwa kamba? Mkitia nanga acheni nafasi, upepo ukigeuka kila kayaki inazunguka kwenye kamba yake.

Mwenye uzi (niliyeanzisha mada): Huyo wa nanga ndiye aliyesogea! Kaona samaki changu wanakula, kaja. Na fimbo zilifungwa, kamba zake kazikata mwenyewe alipokuwa anatafuta kamba ya nanga kwa kisu. Nanga ya ubavuni!!

MajiKupwa: Afadhali huyo. Mimi nina hasira na wanaosahau kizibo cha tezi. Maji yakishaingia ndani ya ganda hayakai katikati, yanakimbilia upande ulioinama na kayaki hairudi tena. Kaza kizibo ukiwa bado mchangani, papasa kwa kidole uone kama mpira wake umekaa sawa, una chembe ya mchanga au la. Ukiona tezi inazidi kulala, rudi ufukweni. Usithubutu kufungua mfuniko kwenye mawimbi.

NdoanaButu: Yote hayo madogo. Kuna watu wanarudi kutoka baharini na kupiga rili, kile kifaa cha kukunjia mshipi kwenye fimbo, maji ya mpira kwa kasi yote! Wanasukuma chumvi ndani ya beringi, halafu wanalia rili mbovu. Kaza breki ya rili kwanza, ile inayozuia mshipi usitoke ovyo, maji yasiingie, nyunyizia taratibu maji yasiyo na chumvi, futa, legeza breki, anika kivulini.

KafiMoja: Kulegeza tena kwa nini?

NdoanaButu: Ikikaa imekazwa wiki nzima, sahani za breki zinabonyea na kugandana. Samaki mkubwa akikimbia, mshipi unatoka kwa kushtukashtuka, pap, umekatika. Unamlaumu aliyeuza mshipi.

Mwenye uzi: Jamani, nanga! UBAVUNI!

ChubwiNzito: Tumesikia mkuu. NdoanaButu, baada ya kukauka unatia grisi kila mahali?

NdoanaButu: Hapana! Grisi kwenye gia. Beringi tone moja la mafuta mepesi, ukitia grisi zinakuwa nzito na chambo hakifiki mbali.

MajiKupwa: Grisi kidogo kwenye beringi ndiyo inayozuia chumvi, acha kudanganya watu.

NdoanaButu: Beringi za mkono wa kuzungushia sawa. Za kibiringo cha mshipi hapana.