Tupeane uzoefu: filamu za zamani za Australia zilizoponea chupuchupu, na nyuso zilizomo

Mlinzi wa Rili (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa wanaofuatilia sinema ya Australia tangu enzi za filamu bubu mpaka miaka ya 1970. Kila mdau achukue filamu anayoijua kwa undani, aseme ilipigwaje, iliharibikia wapi na kwa nini, nani anaonekana ndani yake, na nakala ipi inafaa kutazamwa leo. Maoni ya "kali sana hii" tuyaweke kando. Tunataka futi, miaka na sababu.

Nafungua na The Story of the Kelly Gang, habari za Ned Kelly, jambazi wa porini aliyenyongwa Melbourne mwaka 1880. Ilioneshwa kwa mara ya kwanza Athenaeum Hall, Melbourne, tarehe 26 Desemba 1906, mwongozaji akiwa Charles Tait. Urefu wake ulikuwa kama futi 4,000. Piga hesabu: mkanda wa milimita 35 una fremu, yaani picha moja moja, 16 kwa kila futi. Ukiuendesha kwa fremu 16 kwa sekunde, futi moja ni sekunde moja, kwa hiyo futi 4,000 ni dakika 66 na ushei. Ndiyo maana inahesabiwa kuwa filamu ya kwanza ya hadithi duniani kuvuka saa nzima. Leo zimebaki kama dakika 17.

Kilichozila dakika nyingine ni nitreti, plastiki ya zamani inayowaka upesi. Mikanda ya milimita 35 ilitengenezwa kwa nitreti mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1950, na nitreti huoza kwa hatua. Kwanza picha hufifia na kugeuka rangi ya kaharabu. Kisha uso wa mkanda hunata, ukatoa malengelenge na povu, mizunguko yote ikagandana kuwa bonge moja, na mwisho wake ni unga wa kahawia. Gesi inayotoka ndiyo inayochochea uozo, kwa hiyo kopo lililobanwa likakosa pa kupumulia huua mkanda haraka zaidi.

Kwenye nakala iliyokarabatiwa mwaka 2006 na Hifadhi ya Taifa ya Filamu na Sauti ya Australia, tazameni pale Ned anapokuja mbele amevaa deraya ya chuma, bastola mkononi. Ule moshi unaochemka na kumzingira haukuwepo siku ya kupiga picha. Ni nitreti yenyewe ikiliwa, fremu hata fremu. Simamisheni hapo mpitishe fremu moja moja, mtaona doa linavyohama kutoka bega kwenda kifuani.

Na ile haikuwa bubu kabisa. Kumbini kulikuwa na msimulizi, vifuu vya nazi vya kwato za farasi, na risasi za baruti tupu. Waliokulia vibanda vya video vyenye mtafsiri wa papo kwa papo wataelewa upesi kuliko mtu mwingine. Ukiitazama kimya kimya, umeona nusu yake.

Kopo Kuukuu

Ahsante mkuu. Swali: mtu akikuta kopo la zamani, atajuaje kama ni nitreti bila kuiunguza?

Fundi Projekta

@Kopo Kuukuu, kipande usikichome hata kidogo! Nitreti ikishawaka haizimwi kwa maji, kwa sababu inazalisha oksijeni yake yenyewe; huendelea kuwaka hata ikizamishwa. Fuata utaratibu huu.

Kwanza pima upana. Kama ni milimita 16, tulia, huo ni mkanda wa usalama (SAFETY), usiowaka upesi. Kama ni 35, fungulia kopo nje, kivulini, penye upepo. Soma maandishi pembezoni mwa mkanda: NITRATE au SAFETY. Lakini hapa wengi hujikwaa. Nakala inapochapwa, maandishi ya negativu, yaani mkanda wa asili unaochapiwa nakala, yanaweza kuhamia kwenye nakala, ukakuta neno la mkanda wa mama likiwa juu ya mkanda wa mtoto. Kwa hiyo ukiona maneno yote mawili, uchukulie kuwa ni nitreti mpaka mtaalamu aseme vinginevyo.

Pili, nusa. Harufu kali ya siki ni dalili ya asetati inayooza, yaani plastiki ya mkanda wa usalama. Huo hauripuki, ila unasinyaa, na ukisinyaa matundu ya pembeni hayaendani tena na meno ya projekta, ukilazimisha, unachanika. Hifadhi hutumia vikaratasi vya kupimia asidi ndani ya kopo, vinavyotoka buluu kwenda kijani hadi njano. Njano maana yake nakili sasa hivi.

Tatu, usiweke darini chini ya bati. Nitreti iliyooza vibaya inaweza kujiwasha kwa joto la nyuzi 40 na kidogo tu likidumu. Hifadhi huiweka kwenye baridi ya nyuzi chache juu ya sifuri, mahali pakavu, peke yake, mbali na mikanda mingine.

Na usiipitishe kwenye projekta "kuangalia kidogo tu". Ipelekwe ikaskaniwe.

Binti Kaharabu

Mimi nachukua The Sentimental Bloke ya mwaka 1919, ambayo kwangu ndiyo filamu bora ya bubu iliyotoka Australia, na siisemi hivyo kwa kuionea huruma kwa ukongwe wake.

Mwongozaji ni Raymond Longford. Arthur Tauchert ndiye Bill, kijana wa mtaani anayefungwa kwa kucheza kamari, akitoka anampenda Doreen, binti anayebandika lebo kwenye chupa za achari kiwandani. Doreen ni Lottie Lyell. Walipiga Woolloomooloo, mtaa wa kweli wa watu wa kipato cha chini karibu na bandari ya Sydney. Jambo la kuangalia ni uigizaji. Wakati ule wengi walikuwa bado wanarusha mikono kama wako jukwaani, lakini Lyell anafanya kazi yote kwa macho na pembe ya mdomo. Tazama wanapokwenda kuangalia Romeo na Juliet: Bill amesahau kuwa ni mchezo, anataka kuingilia ugomvi, Lyell amekaa pembeni, anamtazama kidogo, anarudisha macho jukwaani. Ni hilo tu, na tayari unajua wataoana.

Lyell hakuwa mwigizaji peke yake. Aliandika miswada, akahariri, akafanya kazi bega kwa bega na Longford katika uongozaji. Kifua kikuu kilimchukua mwezi Desemba 1925, akiwa na miaka 35. Longford hakusimama tena vizuri. Uzeeni alikuwa mlinzi wa usiku kwenye gati za Sydney, akafa mwaka 1959.

Sasa nakala. Kwa miaka watu walitazama nakala dhaifu. Negativu ya toleo la Marekani ilikutwa mwaka 1973 kwenye hifadhi ya George Eastman House, Rochester, New York. Ilikuwa imeorodheshwa kama The Sentimental Blonde! Herufi chache za mtu aliyedhani anasahihisha kosa, na filamu ikawa haionekani hata kwa anayeitafuta kwa jina. Picha za negativu ile ni safi, lakini kadi za maandishi, zile zinazosomwa katikati ya picha za filamu bubu, zilikuwa zimebadilishwa kwa ajili ya Wamarekani. Ukarabati uliotoka mwaka 2004 uliziunganisha picha hizo na maandishi ya Kiaustralia, yaani mashairi ya C. J. Dennis yaliyozaa filamu hii, kwa lugha ya mtaani. Tafuteni hiyo.

Anayetaka kuitia maandishi ya Kiswahili asitumie Kiswahili cha habari. Bill anaongea kihuni kwa vina. Ukimpa Kiswahili sanifu umemvisha suti ya mtu mwingine.

Fundi Projekta

Naongezea kasi ya kuendeshea. Nakala nyingi mtandaoni zimeendeshwa kwa fremu 24 wakati zilipigwa kwa 16 hadi 20, ndiyo maana watu wanakimbiakimbia kama kuku. Rili ya futi 1,000 kwa fremu 24 ni dakika 11. Kwa 16 ni karibu 17. Usiangalie mikono, kwa sababu waigizaji huiharakisha kwa makusudi. Angalia vumbi linavyotua na kitu kinavyoanguka. Anza na 16, panda mbilimbili mpaka kitu kianguke kama kinavyoanguka mbele yako.

Sauti ya Bondi

Enzi ya sauti msiiruke. Studio ya Cinesound ya Ken G. Hall ilifanya kazi Bondi Junction, Sydney, kwenye ukumbi uliokuwa wa kuteleza kwa viatu vya magurudumu. Kati ya 1932 na 1940 walitoa filamu 17 za hadithi, 16 kati yake Hall akiwa mwongozaji. Mitambo ya kurekodi sauti ilitengenezwa hapo hapo na fundi wao, Arthur Smith. Ya kwanza ni On Our Selection ya mwaka 1932, Bert Bailey akiwa Dad Rudd, mhusika aliyekuwa amemcheza jukwaani tangu 1912. Ndiyo maana sauti yake inatoka nzima wakati wenzake wanainamia maikrofoni.

Kinachosumbua kwenye nakala za enzi hii ni maungio, pale mkanda uliokatika ulipounganishwa. Njia ya sauti kwenye mkanda wa 35 hutangulia picha yake kwa takriban fremu 20. Mkanda ukikatika na mtu akatupa fremu kadhaa zilizochanika, picha huruka mahali pamoja na neno humezwa mahali pengine, karibu sekunde nzima tofauti. Ukisikia neno limekatwa wakati mdomo uko sawa, usilaumu mwigizaji.

Watafutaji wa nyuso: Peter Finch alianzia filamu ndefu kwenye Dad and Dave Come to Town ya 1938. Huyo huyo baadaye alikuwa daktari mpasuaji katika The Nun's Story ya 1959, iliyopigwa kwa sehemu Stanleyville, Kisangani ya leo, na Oscar yake ya Network alipewa akiwa ameshafariki.

Mwamba wa Kanangra

Jedda, 1955, Charles Chauvel. Ndiyo filamu ndefu ya kwanza ya Australia kwa rangi, na ya kwanza kuwapa Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia, nafasi kuu: Ngarla Kunoth, ambaye ndiye Rosalie Kunoth-Monks, na Robert Tudawali.

Walitumia Gevacolor, mkanda wa Kibelgiji usiovumilia joto, nao wanapiga Northern Territory, kaskazini kwenye joto kali! Australia haikuwa na maabara ya kuusafisha, kwa hiyo negativu zilipandishwa ndege hadi Uingereza. Maana yake ni nini kwa mwongozaji? Anapiga leo, atajua baada ya wiki kama alichopiga kipo. Kosa la mwanga halirekebishwi kesho yake, kwa sababu kesho yake bado hulijui. Kisha rili za mwisho zikateketea kwenye ajali ya ndege. Kikosi kilishatoka kaskazini, hivyo mwisho wakaupiga upya Kanangra Walls, kwenye Blue Mountains, New South Wales. Tazameni mwamba wa mwisho: rangi ya jiwe na umbo la genge si vya kaskazini.

Onesho la kwanza lilikuwa Darwin, Star Theatre, tarehe 3 Januari 1955. Uingereza waliitoa ikiwa imekatwa, kwa jina la Jedda the Uncivilised. Hilo jina liepukeni, na nakala yake pia.

Rangi ya Gevacolor hufifia. Kilichookoa filamu ni mikanda mitatu ya nyeusi na nyeupe iliyopatikana London mwaka 1972, mmoja wa nyekundu, mmoja wa kijani, mmoja wa buluu. Picha ya nyeusi na nyeupe ni ya madini ya fedha, haichuji kama rangi, kwa hiyo ukiunganisha mitatu unarudishiwa rangi. Ugumu uko hapa: kila mkanda husinyaa kivyake. Tofauti ikiwa ya nywele tu, ukingo wa uso unatoka na utepe mwekundu upande mmoja na kijani upande wa pili.

Tudawali alifariki mwaka 1967 kwa majeraha ya moto. Rosalie mwaka 2022. Hifadhi za Australia huweka onyo mwanzoni kwamba filamu ina sura na sauti za marehemu, kwa sababu jamii nyingi za Waaborijini zina mwiko juu ya jambo hilo. Mnaokata vipande vya kurusha mtandaoni, hilo onyo msilikate.

Kopo Kuukuu

Na ile ya Kenya iliyoongozwa na mtu wa The Overlanders?

Sauti ya Bondi

Harry Watt, Mskoti wa studio ya Ealing, Uingereza. Alipiga Australia The Overlanders ya mwaka 1946, Chips Rafferty akiongoza kundi la ng'ombe, kisha akaja Kenya kupiga Where No Vultures Fly ya 1951. Ukizitazama zote mbili mfululizo utaona mkono mmoja: kamera mbali, wanyama wengi, mtu mdogo.

Mlinzi wa Rili

Kwa kuwa Rafferty ametajwa: Wake in Fright, 1971, mwongozaji Ted Kotcheff. Jina lake halisi Rafferty ni John Goffage, alizaliwa Broken Hill mwaka 1909, na filamu yake hii ya mwisho ilipigwa Broken Hill hiyo hiyo. Alifariki Mei 1971, kabla haijaoneshwa Australia. Jack Thompson yumo pia, hapo ndipo anaanza.

Negativu zilipotea. Mhariri wake, Anthony Buckley, alizitafuta kwa miaka hadi zikapatikana Pittsburgh, Marekani, mwaka 2004, zikiwa zimeandikwa kuwa ni za kuharibiwa. Zikakarabatiwa, zikarudi Cannes mwaka 2009.

Namna ya kutambua nakala mbovu: rangi za miaka ile zikichuja, buluu-kijani ndiyo hutangulia kwenda, picha nzima ikabaki ya waridi. Nenda moja kwa moja baa, pale Rafferty, askari mrefu karibu mita mbili, anapomnunulia bia mwalimu mgeni. Kwenye nakala iliyokarabatiwa bia ni ya dhahabu na jasho linang'aa juu ya mdomo wake. Kama bia, ukuta na uso vyote ni rangi moja, funga, tafuta nyingine.