Hivi meya wa Dar wa 2016 alichaguliwa na nani?

Mwana Temeke: Wakuu habari za asubuhi. Jana kijiweni kumetokea ubishi, mzee mmoja kasema upinzani uliwahi kushika jiji la Dar, mi nikabisha maana sijawahi kupewa karatasi ya meya, nakumbuka tatu tu, rais mbunge na diwani. Sasa huyo meya alitokea wapi? Naombeni mniweke sawa.

Babu K: Mzee yuko sahihi mkuu. Alikuwa Isaya Mwita wa Chadema, diwani wa Vijibweni kule Kigamboni, tarehe 22 machi 2016 pale ukumbi wa Karimjee alipata kura 84, Omary Yenga wa CCM akapata 67. Karatasi hukupewa kwa sababu haipo, meya anapigiwa kura ndani na madiwani pamoja na wabunge, na yeye mwenyewe lazima awe diwani. Yani ile kura yako ya diwani oktoba 2015 ndo ilikuwa ya meya. UKAWA, ule muungano wa vyama vya upinzani, walizoa kata nyingi Kinondoni na Ilala, hesabu ikaanzia hapo. Inaniuma sana nikiona mtu anamtiki diwani bila hata kumjua jina.

Mama Wawili: Mnavyoitaja hiyo 22 machi utadhani ilikuja kirahisi jamani. Uchaguzi uliahirishwa zaidi ya mara moja, februari mwishoni mi nilikuwepo pale nje Karimjee, jua kali, watu wamejazana getini wanasubiri matokeo mara tunasikia hakuna uchaguzi, eti kuna zuio la mahakama. Nilimwona diwani mmoja mama mtu mzima kakaa chini ya mti kavua viatu, anajipepea na ile karatasi ya mwaliko, hasemi na mtu. Kabla ya hapo ni ubishi wa wabunge wa viti maalumu, nani ana haki ya kupiga kura Dar na nani hana. Siku Mwita alipotangazwa nililia kwakweli.

Mwana Temeke: Asanteni sana, mzee nitamwomba radhi. Ila sasa aliondokaje?

Babu K: Januari 2020 wajumbe wa baraza la jiji walipiga kura ya kutokuwa na imani naye, na hapo napo wakavutana sana kama akidi, yani idadi ya wajumbe inayotakiwa, ya theluthi mbili imetimia au la. Februari 2021 Magufuli akalivunja lenyewe lile Jiji la juu lililokuwa juu ya manispaa zote, hadhi ya jiji ikapewa Ilala. Kwa hiyo ukisikia meya wa jiji la Dar leo, Temeke yako haimo, nyie mna meya wenu wa manispaa.

Mama Wawili: Na mimi hapo ndo sikubaliani napo hadi leo. Taka za Kinondoni zinapita barabara za Ilala kwenda dampo la Pugu, daladala ya Mbagala inaishia Kariakoo, mvua ikinyesha, mto Msimbazi hauulizi hii manispaa ya nani. Mtu wa kukaa na hayo yote pamoja awe amechaguliwa, hata kama ni na madiwani tu, kwa sasa hatuna.