Naomba ushauri: QT (mtihani wa maarifa kwa tulioacha shule) au cheti cha ufundi kwanza?

Habari zenu ndugu zangu. Nina miaka 34, naishi Pasua hapa Moshi na watoto wawili. Niliacha shule nikiwa kidato cha pili baada ya kupata mimba. Wakati ule ukitoka ndiyo basi; ruhusa ya wasichana kurudi darasani ilikuja mwishoni mwa 2021, kwangu ilishapita.

Kazi yangu ni cherehani, napunguza na kurekebisha mitumba Kiboriloni. Jioni nikishaosha vyombo nafungua daftari la hesabu la mwanangu aliye kidato cha kwanza. Juzi nilikokotoa swali la aljebra hadi mwisho, akalisahihisha kwa kalamu nyekundu, akaandika "vema mama". Nimeikata ile karatasi, nimeibandika juu ya mashine.

Sasa kwenye VICOBA yetu, kikundi cha kuweka na kukopa, zamu ya mkopo imenifikia, na nimebanwa na njia mbili. Ya kwanza ni QT, nikifaulu ndipo nifanye mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Ya pili ni urasimishaji ujuzi wa VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi: wanakupima kwa kazi unayoijua tayari, kisha unapata cheti. Moyo uko QT, maana ndoto yangu ni ualimu. Lakini kodi ya chumba haisubiri ndoto.

Mliosoma mkiwa na familia, mlianzia wapi? Na masomo ya jioni hapa Moshi mnayaaminije? Nisaidieni jamani, marejesho yanaanza mwezi ujao.